Kadi ya Nyumbani Haivuki Ziwa

Ndugu wafanyakazi, vijana wetu wa Minago, Rumonge na Nyanza-Lac hawakuanza leo kuvuka ziwa kutafuta kazi. Wengine wanakwenda kuvua upande wa Kigoma, wengine wanashukia Uvira, Baraka na Kalemie. Na tangu Burundi ilipotia sahihi mapatano ya kazi na Saudi Arabia, mwezi wa Oktoba 2021, mabinti zetu nao wanapanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani huko. Wote hao huuliza kwanza mshahara ni kiasi gani. Wachache mno huuliza: nikiugua huko, nani atalipa? Leo tunataka kulizungumza swali hilo la pili.

Tuanze na kadi tulizo nazo hapa, maana zinawadanganya wengi. Kadi ya matibabu inayotolewa kwenye komine ilianzishwa mwaka 1984, ikauzwa faranga 500, na mwaka 2012 ikapandishwa hadi faranga 3,000. Mwenye kadi hiyo na watu wa nyumba yake hulipa asilimia 20 tu ya gharama katika zahanati na hospitali za serikali. Ni msaada mkubwa kwa mtu wa kipato chetu, lakini ni msaada wa ndani ya Burundi. Vivyo hivyo matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua, yaliyotangazwa Mei Mosi 2006. Mama akijifungulia ng'ambo, bure hiyo haimfuati. Na ile INSS ambayo wenzetu wa viwandani wanakatwa kila mwezi ni ya pensheni na ajali za kazini. Haikuundwa kulipia dawa za malaria, hata hapa nyumbani.

Samaki wetu akivuka ziwa hubadilishwa jina tu: mukeke anaitwa mgebuka, ndagala inaitwa dagaa, na sufuria haioni tofauti. Kadi siyo samaki. Ikifika upande wa pili ni karatasi tu.

Tunamjua kijana mmoja wa huku kwetu aliyekwenda ng'ambo kuvuta nyavu kwa tajiri ambaye hatutamtaja. Usiku mmoja mguu wake ulibanwa kati ya mitumbwi miwili, mfupa ukavunjika. Tajiri akampeleka hospitali, akalipa siku mbili za kwanza, kisha akasema kazi ile ilikuwa ya mgao wa samaki, si ya mshahara, kwa hiyo yeye hana mfanyakazi. Hospitali nayo ilitaka fedha yake. Ndugu zake wakauza michikichi ya baba yao ili wamtoe. Mguu ulipona umepinda, na mafuta ya shamba lile leo anakamua mtu mwingine.

Maneno ya tajiri yule siyo sheria. Yako mapatano ya Shirika la Kazi Duniani, Namba 19 ya mwaka 1925, yanayosema kwamba nchi iliyoyakubali itampa mfanyakazi mgeni, aliyetoka katika nchi nyingine iliyoyakubali, fidia ya ajali ya kazini sawasawa na raia wake. Burundi imeyakubali, na Tanzania na Kongo pia. Huko Tanzania upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, na mchango wake hutolewa na mwajiri, siyo na mfanyakazi. Tena Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inamtambulia mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama haki za hifadhi ya jamii kama za wafanyakazi wa hapo, ingawa utekelezaji wake uliachiwa kanuni za Baraza la Mawaziri. Basi haki ipo. Taabu ni kuonyesha kwamba uliajiriwa. Mvuvi wa mgao asiye na karatasi anabaki na maneno yake dhidi ya maneno ya mwenye mtumbwi. Ndiyo maana tunawasihi: kabla ya kushika wavu wa mtu, pateni hata kipande cha daftari chenye jina la tajiri, alama ya mtumbwi, tarehe ya kuanza, namna ya malipo, na sahihi za mashahidi wawili.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe. Watu huziita zote "bima" kana kwamba ni kitu kimoja. Bima ya safari ni ya msafiri. Zanzibar, kwa mfano, tangu Oktoba 2024 inawatoza wageni dola 44 kwa bima isiyozidi siku 92. Nchi za Schengen huko Ulaya zinataka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima ya euro 30,000 au zaidi. Hiyo inalipia ugonjwa wa ghafla, ajali na kurudishwa kwenu, kwa siku zilizohesabiwa. Haimtunzi mtu mwenye presha anayehitaji dawa kila mwezi, na bima nyingi za namna hiyo hazilipi ajali ya kazi za mikono. Anayekwenda kufanya kazi mwaka mzima akaonyeshwa bima ya safari, ajue amepewa mwavuli wa siku moja kwa masika yote.

Nchi za Ghuba hazifanani, na hapa madalali hupenda kuchanganya. Katika Falme za Kiarabu, tangu Januari 2025, mwajiri katika emirati ambazo hazikuwa na lazima hiyo lazima amkatie bima ya matibabu mfanyakazi wake, hata wa nyumbani. Bima ya chini kabisa ni dirham 320 kwa mwaka, na anayelipa ni mwajiri. Saudi Arabia tangu Julai 2024 imeweka lazima kwa mwajiri mwenye watumishi wa nyumbani wanaozidi wanne. Binti aliye peke yake katika nyumba, na ndiyo hali ya wengi, hayumo katika amri hiyo. Huambiwa "bima ipo," na kweli ipo, lakini ni bima ya mkataba, ambayo kazi yake ni kumfidia mwajiri endapo mtumishi ataacha kazi au atafariki, na kumlipa mtumishi katika mambo machache kama ulemavu wa ajali. Homa na jino haviko humo. Kwa hiyo kifungu cha matibabu kiandikwe waziwazi ndani ya mkataba: mwajiri atalipa daktari, dawa na kulazwa, na mshahara hautakatwa kwa ajili hiyo.

Mkipewa hati ya bima, msitazame bei peke yake. Someni mwisho wa fedha watakazolipa, sehemu itakayowabakia ninyi, na siku za kungojea kabla haijaanza kazi. Angalieni hospitali zipi zinaipokea, maana bima isiyopokelewa mji mnaokaa ni ya bure kwa aliyeiuza. Sukari, presha na mimba mara nyingi hutolewa nje kwa herufi ndogo. Mwenye ugonjwa wa zamani autaje siku ya kujaza fomu. Akiuficha, shirika litakuwa na sababu ya kukataa siku ya shida. Na tusione haya kuuliza juu ya kusafirisha maiti. Familia zetu zimechangishana sana kwa jambo hilo.

Mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu au Kiingereza uleteni ofisini tuusome kwa Kiswahili au Kirundi kabla ya sahihi, siyo baada yake. Toeni nakala tatu: moja uende nayo, moja abaki nayo mzazi au mke, ya tatu tuiweke sisi. Picha ya simu inafaa pia, lakini simu huweza kunyang'anywa, kwa hiyo namba ya bima na namba ya kupigia shirika lake ziandikwe kwenye kitambaa na kushonewa ndani ya nguo.