Breki Kwanza, Injini Baadaye

Vijana wetu wengi hutuuliza namna ya kufunga injini kwenye baiskeli. Tunawaambia: pangeni kabla ya kununua. Baiskeli ya kawaida huenda kama kilomita 15 kwa saa. Ikifika 30, nishati ya mwendo ambayo breki inapaswa kuizima haiwi mara 2, bali mara 4. Basi anzeni na fremu ya chuma isiyo na ufa, spoku nene, na breki imara mbele na nyuma. Injini ije mwisho, na iwe ndogo. Cc 49 yatosha. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Allah. Breki ndiyo kamba yetu, na uhai ni amana. Wabillahi tawfiq.