Upatanisho wa Kisarufi na Kigawaji cha Kumbukumbu

Je, dhana ngumu za kompyuta zaweza kufundishwa kwa Kiswahili? Makala hii inajaribu mbili za lugha ya C++: tupuli na kigawaji.

Tupuli (neno limetoholewa kwa njia iliyotupatia baiskeli) ni fungu la thamani zenye idadi na mpangilio maalumu, kila nafasi ikiwa na aina yake. Kwa mfano, nafasi ya kwanza ni namba, ya pili ni matini. Iliingia katika maktaba sanifu ya C++ mwaka 2011.

Kigawaji ni chombo kinachotoa kumbukumbu kwa data inayoihitaji. Kilikuwamo tangu usanifishaji wa 1998. Mwandishi wa programu anaweza kutenga eneo la kumbukumbu mapema, na kigawaji chake kikachota humo. Jambo hili ni muhimu kwa mitambo inayopaswa kujibu kwa wakati, kwani kuomba kumbukumbu katika ghala la jumla kunaweza kuchelewesha kazi bila kutarajiwa.

Sasa, kigawaji hukifikiaje kila kijenzi cha tupuli? Tutazame kirai hiki: *vitabu vyangu vizuri sita*. Ngeli ya nomino hupitisha kiambishi kwa *-angu* na *-zuri*, lakini *sita* hakipokei, na kirai ni sahihi. Tupuli nayo ikikabidhiwa kigawaji inapoundwa, hukipitisha kwa vijenzi vinavyokitumia, kama matini, na kuviruka visivyokihitaji, kama namba. Kwa hiyo, msimbo wa jumla, yaani ule ulioandikwa bila kutaja aina mahususi, hufanya kazi kwa tupuli yoyote.

Hata hivyo, mfanano huu una mpaka. Mwanafunzi akisema *vitabu yangu*, sikio hulikamata kosa mara moja. Mwandishi wa programu akisahau kukabidhi kigawaji, mara nyingi kikusanyaji hakitalalamika. Kwa vigawaji vya toleo la 2017, ambavyo huruhusu chanzo cha kumbukumbu kuchaguliwa programu inapoendelea, matini itachota kimyakimya katika chanzo cha kawaida. Programu itaendelea, lakini eneo lililotengwa halitatumika, na ucheleweshaji uliokuwa ukikwepwa utarudi.

Walimu wenzetu, sarufi mnayoifundisha kila siku ni hazina ya mifano kwa masomo mengine. Tuitumie, tukikumbuka kuwaonyesha wanafunzi pale mfano unapokoma.