Utumbo Ulio Wazi Usiosukuma: Kuziba Bandia Sugu kwa Utumbo kwa Watoto

Mtoto mchanga anapovimba tumbo, kutapika nyongo na kukosa choo, jambo la kwanza kuchunguzwa ni kuziba kwa utumbo. Hata hivyo, kwa watoto wachache, uchunguzi au upasuaji huonyesha njia iliyo wazi tangu mwanzo hadi mwisho. Hali hii ikidumu au kujirudia, huitwa kuziba bandia sugu. Kasoro haimo katika njia, bali katika nguvu ya kusukuma.

Chakula husukumwa na mawimbi ya misuli laini ya ukuta wa utumbo. Mawimbi hayo hutegemea mambo matatu: misuli yenyewe, neva zinazopanga sehemu ipi isinyae na ipi ilegee, na seli za Cajal, zinazoanzisha mapigo ya umeme yanayoongoza mwendo. Misuli ikiwa na kasoro, mawimbi hupangika lakini huwa dhaifu. Neva zikiwa na kasoro, nguvu huwapo lakini mpangilio huvurugika.

Watoto wengi huzaliwa na kasoro hiyo. Mfano ni mabadiliko katika jeni ya ACTG2, inayohusika na protini ya kusinyaza misuli laini. Kwa kuwa misuli hiyo imo pia katika kibofu cha mkojo, baadhi ya watoto huwa na kibofu kilichotanuka, pengine hata kabla ya kuzaliwa. Mara nyingi badiliko hilo hutokea upya kwa mtoto. Wazazi hawana kosa. Vyanzo vingine ni magonjwa ya mitokondria, upungufu wa homoni ya thairoidi, kinga ya mwili kushambulia neva, na baadhi ya dawa.

Chakula kinapotuama, bakteria huongezeka kupita kiasi, ufyonzaji wa virutubisho hupungua na mtoto hudhoofu. Ndiyo maana baadhi yao hulishwa kwa njia ya mshipa wa damu.

Ni lazima kwanza kuhakikisha kuwa hakuna kizuizi halisi wala ugonjwa wa Hirschsprung, ambao hutibiwa kwa upasuaji. Baada ya hapo, kupasua tena na tena bila sababu mahususi huacha makovu yanayoweza kuuziba utumbo kwelikweli. Upasuaji usiokuta kizuizi haumaanishi kuwa mtoto haumwi. Humaanisha kuwa chanzo kitafutwe katika misuli na neva.