Kriki Haibebe Mutu

Ndugu baba, na wewe kijana mwenye kupenda ufundi, unataka kubadilisha amotisere na resore za nyuma za Land Cruiser pale nyumbani? Ni vizuri. Lakini jiulize kwanza: nini itabeba motokari? Kriki ni ya kuinua tu. Ikiteleza, ule uzito wote utashuka juu ya kifua chako.

Fanya hivi: chagua udongo mugumu, sawasawa. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Inua nyuma, kisha egemeza shasi juu ya mbao nene zilizopangwa kwa kukingamana. Usitie matofali, yanapasuka. Kriki ya pili ishike ponti, maana ukifungua bulo itashuka.

Badilisha mbili mbili, kuume na kushoto. Ukibadilisha resore moja tu, motokari itainama. Bulo za mwisho uzikaze magurudumu yakiwa chini. Kisha safari za siku chache, uzikaze tena.

Na wewe mama, ukiona baba amelala chini ya motokari yenye kubebwa na kriki tu, umuite mbio, hata kama chakula hakijaiva!