Yokani ya Macha: Kijani Hakifuti Sukari

Kitindamlo hiki cha Kijapani hupikwa kwa maharagwe meupe yaliyopondwa, sukari na jeli ya mwani, vikikorogwa motoni hadi vishikane. Kikipoa hukatwa vipande kama halua. Yokani ya kijani hutiwa pia macha, unga wa chai ya kijani, na kwa sababu ya macha watu wengi huamini wanakula dawa.

Tuanze na sukari, maana ndiyo yenye neno. Gramu 100 za yokani nzito zina kilokalori 290 hivi na wanga karibu gramu 70, sehemu kubwa yake sukari. Haikuwekwa kwa ajili ya utamu tu. Sukari hushika maji, vijidudu vikakosa pa kustawi, ndiyo maana yokani iliyofungwa vizuri hukaa miezi bila friji. Ile laini, yenye maji mengi, huharibika upesi.

Na maharagwe? Mpishi huyachemsha, huyaponda, kisha huyachuja ili maganda yabaki kwenye chujio. Ulaini unapatikana hapo, na nyuzinyuzi nyingi zinaachwa hapo hapo. Protini inayobaki ni kidogo, gramu 3 hivi katika kila 100. Mafuta karibu hayapo, na hiyo ni sifa ya kweli mbele ya keki ya siagi.

Macha yenyewe ni chai ya aina yake. Mchai hufunikwa kivulini kama wiki tatu kabla ya kuchumwa, klorofili ikaongezeka, kisha majani makavu husagwa kwa jiwe. Unakula jani zima, kwa hiyo unapata vitamini K na kafeini, takriban miligramu 30 kwa gramu moja. Ila kipande cha gramu 50 huwa na macha gramu moja hivi, pengine pungufu. Sukari ya kipande hicho hicho inaweza kufika nusu ya gramu 50 ambazo Shirika la Afya Duniani halitaki mtu mzima azipite kwa siku.

Wajapani wenyewe hukata kipande chembamba, wakala kwanza, ndipo wakanywa macha chungu isiyo na sukari. Waigeni. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai hiyo pamoja na mlo, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma. Na mwenye kisukari aihesabu yokani kama sukari, si kama chai.