Kijiji cha Mtu Mmoja: Reli Ilipita, Vijana Wakatoka, Mathe Akabaki

Hebu fikiria wewe ndiye meya. Karani wa mji ni wewe, mweka hazina ni wewe, na anayeuza bia kwenye baa ya pekee ni wewe. Ukitaka leseni ya hiyo baa, unajiandikia ombi, unalisoma, kisha unajipa.

Sikutanii. Hayo ndiyo maisha ambayo Elsie Eiler amejulikana kwayo kijijini Monowi, jimbo la Nebraska, Marekani. Sensa ya 2010 ilipohesabu wakazi pale, ilipata mmoja tu. Yeye.

Usidhani palikuwa hivyo tangu mwanzo. Monowi ilianzishwa 1902, reli ilipofika eneo hilo. Kama unaishi Nairobi, unaelewa mambo haya, maana mji wetu nao ulianza kama kambi ya reli, 1899. Treni ikisimama mahali, mtu hufungua duka, mwingine hufungua mkahawa, na kabla hujajua, watu wamejaa. Miaka ya 1930 Monowi ilikuwa na watu kama 150, posta, shule na hata jela.

Sasa ilikuwaje? Mashine ziliingia mashambani, na kazi iliyohitaji watu kumi ikahitaji wawili. Vijana wakafunga virago kufuata ajira mijini. Posta ikafungwa 1967, shule ikafuata 1974. Treni nayo haipiti tena. Kufikia 1980 walikuwa wamebaki 18. Watoto wawili wa Elsie pia walitoka kutafuta kazi, kama mimi na wewe tulivyotoka kwetu. Mwaka 2000 walibaki Elsie na mumewe Rudy. Rudy akafariki 2004.

Wengi wetu tungefunga mlango na kuhamia kwa watoto. Elsie alibaki. Amekuwa akijitoza kodi, na kila mwaka akiandaa mpango wa barabara ili jimbo litoe pesa za kuendesha taa nne za barabarani. Wakulima na madereva wa malori kutoka vijiji jirani huingia kwake kula baga na kupiga stori. Rudy alikuwa mtu wa vitabu, na aliacha takriban 5,000. Viliwekwa kwenye kibanda kidogo kilichopewa jina lake, kikawa maktaba. Kijiji cha mtu mmoja kina maktaba! Mtaani kwenu iko?

Kichekesho ni kwamba sensa ya 2020 iliandika wakazi wawili. Hakuna aliyehamia. Ofisi ya sensa ya Marekani huvuruga kidogo takwimu za sehemu ndogo makusudi, ili kulinda siri za watu. Elsie akaongezewa jirani wa kwenye karatasi.

Sikuandikii haya nikuambie urudi ushago. Mimi mwenyewe nilitoka, na chuo nikakiacha katikati, kwa hivyo sina mimbari ya kukuhubiria. Ila nimegundua kitu: mahali hapafi kwa siku moja. Panapungua mtu mmoja mmoja, na kila anayeondoka ana sababu nzuri kabisa.

Wikendi hii mpigie simu yule anayewasha taa nyumbani kwenu jioni. Usimtumie pesa tu na kukata. Muulize wamebaki wangapi.