Siri Mbili: Upelelezi na Mapenzi ya Wanawake katika Riwaya

Katika makala haya nakusudia kueleza namna riwaya ya upelelezi inavyobadilika pale kisa cha mauaji kinaposukwa pamoja na kisa cha mapenzi baina ya wanawake wawili.

Msingi wa riwaya ya upelelezi wafahamika kwa wasomaji wa Kiswahili tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta kwetu Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Pana kosa, pana watuhumiwa, na kila mmoja wao ana jambo analolificha. Mpelelezi huyachambua maneno yao mpaka lililofichwa lidhihirike.

Huko Marekani, M. F. Beal alitoa Angel Dance mwaka 1977, na Katherine V. Forrest akatoa Amateur City mwaka 1984. Mpelelezi wa Forrest, Kate Delafield, ni ofisa wa polisi mjini Los Angeles. Yeye huwapenda wanawake, na jambo hilo huwaficha wenzake kazini. Hapo ndipo penye mageuzi: mfichuaji wa siri za watu naye ana siri yake.

Je, kisa cha namna hii kingekuwaje katika Kiswahili? Tuchukue mfano wa kubuni. Tajiri ameuawa usiku nyumbani kwake Diani. Anayetuhumiwa ni mpishi wake, mwanamke wa makamo. Aulizwapo alilala wapi, hujibu: "Nililala Msambweni, kwa shoga yangu." Ofisa aliyezoea Kiswahili cha bara hushtuka, kwani huko shoga ni mwanamume ajamiianaye na wanaume. Ofisa mzaliwa wa pwani hashtuki. Kwake yeye, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, neno ambalo mama zetu huitana mchana kweupe. Wote wawili wamekosea: wa kwanza amesikia lisilosemwa, wa pili ameridhika na lililosemwa. Mapenzi yamejisitiri ndani ya neno safi. Laiti mpishi angalitumia neno msagaji, siri ingalifichuka papo hapo, na matusi yangaliandamana nayo.

Sarufi nayo ni msaidizi wa siri. Tuseme jirani atoa ushahidi: "Ana mpenzi wake Msambweni, humwendea kila Ijumaa, naye humsindikiza alfajiri mpaka barabarani." Jirani hakusema uongo, wala hakutaja mwanamume. Kiambishi a- hakitenganishi mke na mume, na Kidigo, kama lugha nyingine za Kibantu, ni vivyo hivyo. Hata hivyo polisi watatoka Ukunda kwenda kumtafuta mwanamume ambaye hayupo. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kutumia hila ili kuficha jambo kama hilo. Sarah Caudwell, katika Thus Was Adonis Murdered (1981), aliificha jinsia ya Hilary Tamar kwa kumfanya awe msimulizi katika nafsi ya kwanza. Mwandishi wa Kiswahili amekwisha kupewa stara hiyo na lugha yake.

Lakini stara hii si mchezo wa fani tu. Tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo hutumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Huko Zanzibar, sheria ya mwaka 2004 iliwataja wanawake waziwazi. Kwa hiyo ushahidi utakaomwokoa mpishi na hatia ya kuua ndio utakaomwangamiza mbele ya jamaa zake, na pengine mbele ya sheria pia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mpishi wetu angewajibu kwamba wako wanaofichua wakafa.

Riwaya ya upelelezi ya kawaida humwahidi msomaji kwamba mwishoni kila siri itaanikwa juani, na kwamba kuanikwa huko ndiko haki. Riwaya ya aina tuliyoieleza huitilia shaka ahadi hiyo. Mpelelezi aliyekwisha kuijua kweli yote hukabiliwa na swali ambalo werevu wake pekee hauwezi kulijibu: atamtajaje mwuaji pasipo kumtaja mpenzi? Mwandishi atakayelitatua swali hilo kwa uaminifu atakuwa ametofautisha mambo mawili ambayo fani hii imezoea kuyachanganya, yaani siri ya mkosaji na faragha ya asiye na kosa.